Kuokoa Wembe wa Kale wa Kukunja: Kutoka Kutu hadi Makali ya Kunyolea

Wembe wa kukunja, ule wenye bapa refu la feleji linaloingia ndani ya mpini wake, ulikuwa chombo cha kila kinyozi na cha kila nyumba iliyojiweza kabla ya wembe wa usalama wa King C. Gillette kuanza kuuzwa Marekani mwaka 1903. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Serikali ya Marekani iliwagawia askari wake nyembe za Gillette, nao walirudi nyumbani wakiwa wamezoea chombo kisichohitaji kunolewa. Nyembe za kukunja zikabaki katika droo na masanduku ya wazee. Ndiyo maana hadi leo zinapatikana kwa bei ndogo katika magulio ya vitu vya kale ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa na katika minada ya intaneti, zikiwa na kutu, mpini uliopasuka na makali yasiyokata hata karatasi, ingawa feleji iliyo chini ya kutu hiyo mara nyingi ni nzima kabisa.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyenunua, au anayetaka kununua, wembe wa namna hiyo na ambaye nia yake ni kunyolea, si kuuweka kabatini. Hatua zote zinazofuata zinategemea jambo moja. Mgongo mnene wa wembe umepimwa ulingane na upana wa bapa, ili wembe unapolazwa juu ya kinoo, mgongo na makali yote mawili yaguse jiwe kwa pamoja na pembe ya makali ijipange yenyewe. Wembe wenye upana wa milimita 16 na mgongo wa milimita 4.7 una pembe ya makali ya karibu digrii 17, na hiyo ndiyo pembe inayofaa ndevu. Ukisugua mgongo huo hadi ukapungua nusu milimita, pembe inashuka hadi karibu digrii 15, na makali yanaanza kuwa membamba kiasi cha kujikunja na kumomonyoka haraka zaidi. Kila chembe ya chuma unayoiondoa kwa ajili ya kung'arisha inatoka katika kipimo hicho. Kwa hiyo mrekebishaji mzuri huondoa chuma kidogo iwezekanavyo na huridhika na madoa meusi ambayo hayadhuru unyoaji.

Kukagua kabla ya kulipa

Hatua hii inastahili muda mrefu kuliko zote, kwa sababu zipo kasoro ambazo hakuna kinoo wala fundi atakayeziponya.

Tafuta ufa kwanza. Ufa wa wembe huanzia kwenye makali na kupanda kuelekea mgongoni, na mara nyingi ni mwembamba kama unywele. Safisha bapa kwa pamba yenye spiriti, kisha litazame kwa lenzi ya kukuzia huku mwanga ukitokea ubavuni. Spiriti hukauka upesi juu ya chuma kizima lakini hubaki kidogo ndani ya ufa, na mstari wa unyevu hujionyesha kwa muda mfupi. Unaweza pia kuligonga bapa polepole kwa ukucha, kwani bapa zima hutoa mlio mwembamba unaoendelea, na lenye ufa hutoa mlio uliokufa. Wembe wenye ufa usinunuliwe hata ukipewa karibu bure, kwa sababu ufa huendelea kukua na siku moja kipande kitamegeka juu ya shavu.

Baada ya ufa, angalia kutu iko wapi. Kutu nyekundu au ya kahawia iliyotanda juu ya bapa huondoka. Vishimo vilivyochimbwa na kutu karibu na mgongo ni sura tu na vinaweza kuachwa vilivyo. Vishimo vilivyofika kwenye makali ndivyo vinavyohukumu wembe. Vikiwa ndani ya milimita moja kutoka ukingoni, kunoa kunaweza kuvipita na kukuta chuma kizima. Vikizidi hapo, makali yatakuwa yakimomonyoka kila unaponoa, na ni afadhali kuuacha.

Kisha pima uchakavu wa mgongo. Wamiliki wa zamani waliokandamiza wembe kwenye mawe kwa miaka mingi waliacha ukanda bapa, mpana na unaong'aa, pande zote mbili za mgongo. Ukanda mwembamba unaolingana kutoka kisigino, yaani mwisho wa bapa ulio upande wa shingo, hadi ncha hauna neno. Ukanda uliopanuka upande mmoja na kutoweka upande mwingine unaonyesha kwamba wembe umepinda au ulinolewa kwa mkono mzito. Ukiwa na kipimo cha milimita, gawanya upana wa bapa kwa unene wa mgongo: jibu likiwa kati ya 3 na 4, umbo bado linafaa.

Tazama pia mstari wa makali. Makali yaliyonyooka ni mazuri, na yaliyotokeza kidogo katikati ni mazuri vilevile, hata kama yatahitaji mkono wenye uzoefu. Makali yaliyobonyea katikati hayagusi kinoo pale yalipobonyea, na kuyanyoosha maana yake ni kula upana wa bapa zima. Mapengo madogo ni jambo la kawaida na hayapaswi kumwogopesha mnunuzi, ila pengo lenye kina cha zaidi ya milimita mbili ni kazi ya siku nyingi kwa kitu ambacho huenda hakina thamani hiyo.

Mpini uliovunjika, ribiti iliyolegea na bapa linalogusa ukuta wa mpini linapofungwa ni kasoro zinazorekebishika, na mara nyingi ndizo zinazoshusha bei. Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko mpini mbovu ni wembe unaong'aa mno. Ukiona kingo za mgongo zimeviringika na mhuri wa mtengenezaji umefifia kana kwamba umeyeyuka, ujue wembe huo umepitishwa kwenye mashine. Feleji ya nyembe hizi ina kaboni ya takriban asilimia 1 au zaidi kidogo, na ugumu wake ulipatikana kwa kuchomwa, kuzimwa ghafla na kisha kupashwa moto mdogo uliodhibitiwa. Joto la kama nyuzi 300 za Selsiasi hulitia chuma rangi ya buluu na kulilainisha, na ukingo mwembamba wa wembe hufika hapo kwa sekunde chache kwenye gurudumu la mashine. Mng'arishaji anaweza kuifuta rangi hiyo, lakini ugumu uliopotea haurudi.

Mhuri ulio kwenye shingo ya wembe husaidia kukisia umri. Sheffield, mji wa Uingereza wa watengenezaji visu na nyembe, ilikuwa na Kampuni ya Wahunzi wa Visu ya Hallamshire, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge la Uingereza mwaka 1624 na kusimamia alama za mafundi. Taji lenye herufi VR ni la enzi ya Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901. Jina la nchi, kama vile England au Germany, mara nyingi huonyesha kwamba wembe ulitengenezwa baada ya sheria ya ushuru ya Marekani iliyopitishwa mwaka 1890, ambayo ilidai bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka. Jina la Solingen, mji wa Ujerumani wa kazi hiyo hiyo, limelindwa na sheria ya Ujerumani tangu 1938. Nyembe za Wade & Butcher za Sheffield ni nzito na zenye mbavu nene, wakati nyembe nyingi za Solingen za mwisho wa karne ya 19 na baada yake zimebonyezwa mbavu pande zote mbili hadi bapa likawa jembamba sana. Kwa anayeanza, ningechagua wembe wa Solingen wa upana wa milimita 16 hivi, wenye mbavu zilizobonyea na makali yaliyonyooka, kwa sababu una chuma kidogo cha kunoa na hutoa jibu haraka juu ya kinoo.

Usafi

Hujui wembe huo ulipita kwenye ngozi ya nani. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, na ingawa wembe uliokaa droo­ni miaka mingi hauna hatari hiyo, huna uhakika kwamba aliyeuuza hakuujaribu wiki iliyopita. Vaa glavu. Bandika utepe wa fundi umeme juu ya makali kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kisha osha wembe kwa sabuni na mswaki wa zamani, hasa ndani ya mpini na kuzunguka ribiti ambako nywele na sabuni ya zamani vimegandamana, na uukaushe mara moja.

Kama utautoa mpini, bapa peke yake linaweza kuchemshwa kwa dakika 20. Nyuzi 100 za maji yanayochemka ziko chini sana ya joto linaloharibu ugumu wa feleji. Bapa likiwa bado kwenye mpini lisichemshwe, kwa kuwa pembe na seluloidi, yaani plastiki ya kale, hupinda. Katika hali hiyo, baada ya kutu kuondoka, lipake spiriti ya asilimia 70 na uliache lilowe kwa dakika kadhaa. Epuka dawa za klorini za kufulia, kwa sababu hula feleji isiyo na kinga na kuacha vishimo vipya ndani ya muda mfupi.

Wembe uliookolewa kwa njia hii ni wa mtu mmoja tu. Vinyozi wa mitaani wameacha nyembe za kudumu na kutumia zile zinazobadilishwa kwa kila mteja, na wamefanya hivyo kwa sababu nzuri. Usimnyoe ndugu wala rafiki kwa wembe wako hata kama umeufuta kwa spiriti.

Kufungua mpini au kuuacha

Usiufungue mpini kama hakuna sababu. Ribiti za zamani zina uzuri wake na zikishatolewa hazirudi. Mpini mzima, bapa linaloingia katikati bila kugusa kuta, na kutu isiyoingia ndani ya tundu la ribiti ni sababu tosha ya kufanya kazi yote bila kufungua.

Ukilazimika kufungua, sugua kichwa cha ribiti upande mmoja kwa tupa ndogo hadi kiwe sawa na kizingo chake, yaani kile kiduara cha chuma kilicho chini ya kichwa, huku umebandika utepe kwenye mpini ili tupa isiukwaruze. Kisha sukuma ribiti itoke upande wa pili kwa msumari uliokatwa ncha, ukiuegemeza mpini kwenye ubao wenye tundu. Usiipige kwa nguvu, kwani pembe kavu hupasuka kwenye tundu kwa pigo moja.

Tambua pia mpini umetengenezwa kwa kitu gani. Mpini wa seluloidi ukisuguliwa kwa kidole hadi upate joto hutoa harufu ya kafuri. Seluloidi hiyo huwaka moto kwa urahisi, kwa hiyo usiijaribu kamwe kwa kiberiti, na inapooza hutoa mvuke wa asidi unaokula bapa. Ukiona kutu nyingi katika sehemu ile tu ya bapa inayofunikwa na mpini, huku sehemu zinazobaki nje zikiwa safi, mpini wenyewe ndio unaoleta kutu na lazima ubadilishwe. Nyembe za bei ya juu za karne ya 19 zilitiwa mpini wa pembe za ndovu au gamba la ng'amba. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kwa uamuzi uliotolewa mwaka 1989 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka uleule ambao Kenya ilichoma tani 12 za pembe jijini Nairobi, na Uingereza ina sheria yake ya mwaka 2018 inayokataza kuuza hata vitu vingi vya kale vya pembe hizo. Wembe wa namna hiyo usivushwe mpaka wowote bila kibali.

Kuondoa kutu

Anza na kitu laini kabisa unachokiamini kitafanya kazi, na uongeze ukali pale tu kinaposhindwa. Paka bapa mafuta ya cherehani au mafuta ya taa, uliache usiku kucha, kisha sugua kwa kitambaa na karatasi ya alumini iliyofinyangwa. Kutu nyingi ya juu huondoka kwa hatua hiyo moja. Inayofuata ni dawa ya kusugulia shaba kama Brasso, kwa pamba, ukibadilisha pamba kila inapokuwa nyeusi. Nyembe nyingi hazihitaji zaidi ya hapo. Rangi ya kijivu au nyeusi inayobaki imetulia na haiendelei kula chuma, na mimi huiacha.

Palipo na kutu iliyoshikamana, tumia msasa wa maji wa namba 600, kisha 1000, kisha 2000 (namba ikiwa kubwa, chembe ni laini zaidi), ukiwa na maji yenye sabuni au mafuta. Ni mara chache tu panapohitajika kuanzia namba 400. Laza bapa juu ya kipande cha mbao kilichonyooka ili mgongo na makali yote yaegemee mbao, na makali yasitokeze nje ya ukingo wake. Zungushia msasa kwenye kijiti cha mviringo kinacholingana na ubonyeo wa mbavu, na usugue kwa mwendo unaotoka mgongoni kuelekea makali na kuishia kabla ya kuyafikia. Kamwe usilibane bapa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada na kuvuta. Majeraha mengi ya kazi hii hutokea hivyo, na hata wembe butu ulio na utepe hukata utepe na kidole kwa pamoja.

Usiguse kabisa kwa msasa kingo mbili za mgongo zinazolala kwenye kinoo, kwa sababu hizo ndizo kipimo cha pembe. Kama bapa lina maandishi yaliyopakwa dhahabu, yafunike kwa utepe na usiyapake hata dawa ya shaba, kwani dhahabu hiyo ni utando mwembamba sana unaofutika kwa mipigo michache ya pamba. Siki na maji ya ndimu, ambavyo hupendekezwa mara nyingi, huondoa kutu kwa kula pia chuma kizima na kukiacha kikiwa na rangi ya majivu. Sioni haja navyo.

Mpini mpya

Pembe ya zamani iliyokauka inaweza kurudishiwa uhai kwa kulowekwa siku kadhaa katika mafuta ya kwato za ng'ombe, na iliyopinda inanyooka ikilainishwa kwa maji ya moto na kubanwa kati ya mbao mbili hadi ipoe. Kama imepasuka hadi kwenye tundu, tengeneza mpya.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hakuna mti unaofaa kuliko mpingo. Ni ule ule unaotengenezewa klarineti na obo Ulaya na unaochongwa na Wamakonde. Ni mzito kiasi cha kuzama majini na haunywi maji kwa urahisi. Vipande vidogo vinavyobaki kwa wachongaji vinatosha, kwa kuwa mpini wa wembe unahitaji vibao viwili tu vya urefu wa sentimita 15 hivi na unene wa milimita 2.5 hadi 3. Vibandike vibao hivyo pamoja kwa utepe wa pande mbili, toboa matundu ya milimita 1.6 kabla ya kuchonga umbo ili mti usipasuke baadaye, kisha vichonge vikiwa vimeshikana ili vilingane. Vaa barakoa, kwa maana vumbi la mpingo huwasha macho na mapafu.

Kati ya vibao, kwenye mwisho ulio mbali na bapa, huwekwa kabari ndogo ya pembe, mbao au shaba ambayo ni nene upande wa nje na nyembamba upande wa ndani. Kabari za zamani zilikuwa mara nyingi za risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo usiisugue kwa msasa mkavu. Kabari ikiwa sahihi, vibao hupinda kidogo sana na kulishika bapa bila kulibana. Piga ribiti ya upande wa kabari kwanza, pitisha bapa kwenye tundu lake kwa waya usiopigwa bado, lifunge na uone kama linaingia katikati. Waya wa shaba ya njano wa milimita 1.6 ukatwe ukitokeza kiasi cha milimita moja juu ya kizingo kila upande, kisha ugongwe kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, mapigo mepesi yanayozunguka ukingo wa waya, ukigeuza wembe kila baada ya mapigo machache. Sonara hufanya kazi hii vizuri kuliko mtu yeyote, kama unaona mkono wako haujatulia.

Kunoa

Unahitaji kinoo cha namba 1000, kimoja cha namba 4000 au 5000, na kimoja cha namba 8000. Cha namba 12000 ni kizuri lakini si cha lazima, kwa sababu wembe ulionolewa sawasawa hadi 8000 tayari unanyoa. Wapo wanaopenda mawe ya asili, kama lile la manjano linalochimbwa karibu na Vielsalm katika milima ya Ardennes nchini Ubelgiji, ambalo hukata kwa chembe za madini ya ganeti. Ni mawe mazuri mno, ila mwanafunzi atajifunza haraka kwa vinoo vyenye namba.

Sawazisha kinoo kabla ya yote. Chora miraba kwa penseli juu ya uso wake, kisha kisugue juu ya msasa wa maji uliolazwa kwenye kioo kinene hadi mistari yote ifutike. Kinoo kilichobonyea katikati hakiwezi kunoa bapa lililonyooka. Kama aina ya kinoo chako inahitaji kulowekwa, kiloweke hadi viputo vya hewa viishe. Vinoo laini vya mwisho kwa kawaida hutosheka na maji ya kunyunyizia.

Bandika tabaka moja la utepe wa fundi umeme kwenye mgongo ikiwa una nakshi au kama hutaki kuuchakaza, na ukishaanza na utepe endelea nao hadi kinoo cha mwisho, ukiubadilisha unapochanika. Paka makali wino wa maka pande zote mbili. Laza wembe juu ya kinoo cha namba 1000, mgongo na makali vyote vikigusa, na uusukume makali yakitangulia, ukiuvuta kidogo upande mmoja kadiri unavyoendelea ili kisigino kianze ndani ya kinoo na ncha iishie ndani pia. Mwishoni geuza wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali, na urudi. Baada ya mipigo michache tazama wino: umefutika wapi, na umebaki wapi? Ukibaki kwenye ukingo kabisa, kinoo hakijafika kwenye makali. Ukibaki karibu na ncha au kisigino, rekebisha mwendo wa mkono wala usiongeze nguvu, kwa kuwa nguvu hupinda bapa jembamba na kuficha tatizo.

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Wembe wa zamani unaweza kuhitaji mipigo mia kadhaa kwenye namba 1000 kabla ya pande mbili za makali kukutana kwa urefu wote, na wengi huhama mapema kwa sababu mkono umechoka au kwa sababu makali yanang'aa. Vinoo laini hulainisha kilichopo na haviwezi kuleta makali ambayo namba 1000 haikuyaleta. Kwa hiyo jipe masharti matatu kabla ya kuhama. Ukiushika wembe makali yakitazama juu chini ya taa kali, pasiwepo mahali popote panaporudisha mwanga kama uzi mweupe, kwani makali halisi hayaonekani na panapong'aa ni butu. Ukipitisha bapa karibu na ngozi ya mkono, vinyweleo vikatwe kutoka kisigino hadi ncha, bila kuruka sehemu. Na kwa lenzi ya kukuza mara 20 au zaidi, mikwaruzo ya kinoo iende hadi ukingoni pande zote mbili, bila pengo lolote kubaki.

Masharti hayo yakitimia, punguza uzito wa mkono hadi ubaki uzito wa wembe wenyewe, piga mipigo ishirini au thelathini ya mwisho, osha wembe na mikono ili chembe kubwa zisihamie kwenye kinoo laini, kisha nenda kwenye namba 4000 au 5000. Huko kazi ni kufuta mikwaruzo ya namba 1000, na lenzi itakuambia imefutika lini. Kwenye namba 8000 mkono uwe mwepesi zaidi tena. Utasikia tofauti: wembe unaanza kunata kwenye uso wa maji na sauti ya kukwaruza inakuwa mnong'ono. Kupiga mipigo mingi mno hapa hakuongezi ukali, na huweza kuacha uzi mwembamba wa chuma uliojikunja ukingoni, ambao hukata unywele mara ya kwanza na kukwaruza shavu mara ya pili.

Mkanda wa ngozi

Makali yanayotoka kwenye kinoo bado hayajafaa ngozi. Mkanda wa ngozi ya ng'ombe wenye upana wa sentimita 6 au 7 na urefu wa kama sentimita 45, ulio laini na usio na mshono, hunyoosha na kusafisha ukingo huo. Ufunge upande mmoja na uuvute ukakamae. Hapa mwendo ni kinyume cha ule wa kinoo, yaani mgongo hutangulia na makali hufuata, na wembe hugeuzwa juu ya mgongo kabla ya kubadili uelekeo. Anayesahau na kutanguliza makali hukata mkanda na kuharibu kazi ya siku nzima kwa mpigo mmoja, kwa hiyo anza polepole, kasi itakuja yenyewe. Safari ishirini za kwenda na kurudi kwenye turubai au kitani na hamsini kwenye ngozi zinatosha baada ya kunoa. Kabla ya kila kunyoa, nusu yake inatosha.

Wapo wanaopaka mkanda wa pili unga wa kijani wa oksidi ya kromiamu. Unasaidia kuhuisha makali yaliyoanza kuchoka, mradi mkanda huo usichanganywe na ule mkavu.

Kunyoa na kutunza

Lainisha ndevu kwa maji ya moto, paka povu la sabuni, vuta ngozi ikaze, na ushike wembe kwa pembe ya takriban digrii 30 kutoka shavuni, ukifuata uelekeo wa ndevu. Mara ya kwanza nyoa mashavu tu, kidevu na shingo viachiwe siku nyingine. Wembe ukivuta, usilazimishe: rudi kwenye mkanda, na ukiendelea kuvuta, rudi kwenye namba 8000.

Baada ya kunyoa, futa bapa kwa taulo kavu kutoka mgongoni kuelekea makali, pitisha karatasi laini kati ya kuta za mpini, na uuache wembe wazi kwa saa kadhaa kabla ya kuufunga. Kwa wakazi wa Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na mahali pengine ambapo hewa ina unyevu na chumvi, tone la mafuta ya cherehani kwenye bapa na kwenye ribiti ni lazima kila mara, na wembe usiwekwe bafuni wala ndani ya ala ya ngozi, ambayo hushika unyevu. Uweke kwenye kopo lenye vifuko vya silika vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu. Nyembe za mpini wa seluloidi zihifadhiwe mbali na nyingine.

Kwa mtu anayenyoa mara kadhaa kwa juma na kutumia mkanda ipasavyo, makali hudumu miezi kadhaa kabla ya kuhitaji tena kinoo, na wakati huo mipigo michache kwenye namba 8000 inatosha. Kinoo cha namba 1000 hakitahitajika tena isipokuwa wembe uanguke au uingie pengo.